Kupanda Usambara ukitokea visiwani

Sehemu ya juu kabisa ya Unguja ni kilima cha Masingini, kama mita 120 kutoka usawa wa bahari. Pemba imejaa vilima na mabonde, lakini navyo ni vya kimo hicho hicho. Mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, uko mita 1,400 hivi, na vilele vya msitu wa Magamba nyuma yake vinakaribia mita 2,300. Mtu wa visiwani akienda kutembea kule hukosea kwa sababu anapima safari kama anavyoipima kwao: Mjini hadi Nungwi kilomita ngapi, Chake hadi Konde muda gani. Kule kilomita hazikwambii kitu. Kilomita 33 za kutoka Mombo, chini ya milima, hadi Lushoto zinapanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, na gari ya abiria hulazimika kutumia saa nzima au zaidi. Kinachoamua kila kitu, kuanzia sweta gani ubebe hadi utoke nyumba ya wageni saa ngapi, ni kimo cha unapokwenda na saa ya siku. Wengi wanaorudi na kusema "hatukuona kitu, ukungu tu" hawakukosa bahati. Walifika mahali sahihi kwa saa isiyokuwa yake.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ule mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa kusini. Imegawika mapande mawili, katikati likipita bonde la mto Lwengera. Pande la magharibi ndilo la Lushoto, Soni, Mlalo na Mtae: genge refu, mashamba ya mboga yaliyoning'inia kwenye miteremko, upepo mkavu kidogo. Pande la mashariki ndilo la Amani: chini zaidi, joto zaidi, msitu mzito na mvua karibu kila mwezi. Kwa safari ya kwanza nenda magharibi. Na usijaribu kuyaunganisha mapande yote mawili katika siku nne, kwani siku mbili kati ya hizo zitaishia ndani ya mabasi.

Kabla ya kukata tiketi, tazama upepo. Kusi linalotutikisia boti kati ya Juni na Agosti ndilo hilo hilo linalopeleka unyevu wa bahari mpaka kwenye milima. Hewa ikifika mlimani hupandishwa, ikipanda hupoa, ikipoa hutoa ukungu na manyunyu, kwanza upande unaotazama bahari. Ndiyo maana Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Mtae, iliyo ng'ambo ya pili ya milima, huwa kavu zaidi. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, usiende kabisa: barabara za udongo mwekundu juu ya Lushoto huwa utelezi mtupu, na gari ikikwama mnashuka nyote kusukuma. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni bahati nasibu, maana siku tatu zinaweza kuwa njema na ya nne ikakufungia ndani. Miezi mizuri ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kisha Julai mpaka Septemba. Januari ina joto la kupendeza na matunda sokoni. Julai ni baridi na ukungu wa asubuhi, lakini njia ni kavu na miguu haitelezi. Ukisafiri na watoto au wazee, sisi tungekwambia Januari bila kusita.

Anayetoka Unguja hupitia Dar es Salaam, na hapo ndipo ratiba nyingi huvunjika. Boti ya kwanza ya asubuhi hukufikisha Dar baada ya kama saa mbili. Mtu hujisemea: nikishuka napanda basi, jioni niko Lushoto. Lakini mabasi ya mikoani yanaondokea kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka bandarini mpaka huko, kwa mwendokasi hadi Kimara na daladala kumalizia, au kwa teksi ndani ya foleni, utatumia saa moja na nusu au mbili. Mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja huondoka mapema asubuhi, kwa hiyo utakuwa umeyakosa. Utapanda basi la Moshi au Arusha, utashushwa Mombo jua likizama, na kuanza kutafuta gari ya kupanda mlima gizani. Safari ya Dar hadi Lushoto yenyewe huchukua saa sita hadi nane. Vuka kwa boti ya jioni, lala Dar karibu na Mbezi, kamata basi la alfajiri. Unalipia kitanda cha usiku mmoja, lakini unapanda mlima mchana, ukiona unapopita.

Kwa mtu wa Pemba njia fupi ni Tanga. Meli na boti za kutoka Mkoani kwenda Tanga hazipo kila siku na ratiba yake hubadilika, basi uliza kwa mawakala wa Mkoani wiki moja kabla, kisha panga siku za mlimani kufuata siku ya kurudi, si siku ya kwenda. Kuna pia ndege ndogo kati ya Pemba na Tanga. Ukishafika Tanga, Lushoto ni mwendo wa saa nne hivi kupitia Segera na Korogwe. Majahazi ya bandari bubu yaacheni. Baada ya kuzama kwa Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa kwa nini. Na wakati wa kusi, mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinapita mita 800, haumwonei mtu huruma: kaa katikati ya chombo, ghorofa ya chini, na kama unatumia dawa ya kichefuchefu imeze kama nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'oa nanga. Ukisubiri mpaka tumbo lichafuke, utaitapika pamoja na chai.

Dawa hiyo bakiza kidonge cha Mombo. Watu wasiotapika baharini hutapika hapo, kwa sababu barabara inakwenda kona kwa kona bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili, na dereva anaijua njia kuliko tumbo lako linavyoijua. Kaa kiti cha mbele, tazama mbali barabarani, simu iweke mfukoni. Kabla ya kupanda kula kitu chepesi: chai ya tangawizi na kipande cha boflo kinatosha, chipsi mayai za kituoni ziache. Masikio yataziba, nawe meza mate au tafuna kitu. Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati gari inapanda, kule kumeza kunamfungua masikio.

Katikati ya mpando kuna Soni, na maporomoko yake yanaonekana ukiwa barabarani. Kama una mzigo mdogo, shuka utembee dakika chache ukayatazame, halafu upande gari inayofuata. Soni pia ndiyo njia panda ya kwenda Vuga na Bumbuli. Vuga ilikuwa makao ya wafalme wa Kilindi, na katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka hapo mpaka pwani. Mtu wa Unguja anahusika na habari hiyo kuliko anavyodhani: Kimweri na Sultani wa Zanzibar wote wawili walitaka kauli juu ya miji ya mwambao kati ya Tanga na Pangani, na kwa muda walipatana kwamba wakuu wa miji hiyo wakubaliwe na pande zote mbili. Usitegemee kukuta kasri la mawe kama la Forodhani. Vuga ilijengwa kwa miti na nyasi, na kilichobaki ni kijiji, makaburi na masimulizi, hivyo bila mwenyeji wa kukusimulia utaona migomba tu.

Sasa baridi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa kama nyuzi 6. Mjini kukiwa na nyuzi 30, Lushoto mchana utaikuta kwenye 22, jambo ambalo ni raha. Usiku ni mambo mengine: Julai hushuka hadi karibu nyuzi 10, na huko Magamba na Shume chini ya hapo. Nyumba nyingi za wageni hazina kitu cha kupashia chumba joto, kwa hiyo ukifika omba blanketi la pili mapema, kabla hawajalala. Maji ya udhu wa alfajiri hukamata vidole. Mwambie mwenyeji jioni kwamba utaamka saa kumi na moja na utahitaji ndoo ya maji ya moto, maana huwasha kuni na hawezi kuyapasha kwa dakika tano.

Kwenye mkoba weka sweta moja nzito, koti jepesi lisilopitisha maji, kofia ya sufu, suruali mbili na soksi jozi tatu au nne. Soksi ndizo zinazosahaulika. Zikilowa hazikauki, kwa sababu hewa ya ukungu imeshiba maji, na kesho yake utavaa zile zile mbichi upate malengelenge. Ndara ni za bafuni, na makubadhi ya bei mbaya yabaki nyumbani. Viatu viwe vya soli yenye meno, na viwe vimeshavaliwa kwa wiki kadhaa, kwani kiatu kipya mlimani ni adhabu. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Kwenye kuteremka vidole husukumwa mbele, na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Kina mama wanaovaa buibui au dira, chagueni lenye pindo linaloishia juu ya kifundo cha mguu, na suruali ndani. Pindo refu hulowa umande, hubeba udongo, na kwenye ngazi za mawe mguu hulikanyaga. Tumeona pini ya nguo ikisaidia, lakini kuna haja gani, vaa fupi tangu mwanzo.

Lushoto yenyewe inatoshea kuzungukwa kwa nusu siku. Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, na majengo yao ya zamani bado yapo chini ya miti mikubwa. Soko ndiyo sehemu ya kukaa. Karoti, kabichi, mbatata na tungule unazozinunua Darajani au Mwanakwerekwe, kwa sehemu kubwa safari yao huanzia kwenye miteremko kama hii, na hapa utaona shehena zikifungwa alfajiri. Ukisimama kituo cha mabasi na mkoba mgongoni, papasi watakuja kama wanavyokuja bandarini kwetu. Wengine ni waongozaji wa kweli na wengine wanatafuta riziki ya siku. Omba kitambulisho cha kazi, na mkubaliane mambo manne kabla ya hatua ya kwanza: bei ya siku nzima, usafiri unalipwa na nani, chakula cha mwongozaji, na kama ada ya kuingia msituni imo ndani ya bei. La mwisho ndilo linaloleta ugomvi langoni. Pesa zitoe kwenye mashine mjini Lushoto. Ukipanda zaidi ya hapo utategemea wakala wa simu, na wakala wa kijijini salio lake huisha mapema.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni genge la Irente. Kutoka mjini ni kama kilomita 6, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kupita kati ya mashamba na nyumba, au bodaboda kama mguu unauma. Unafika kwenye mwamba, na mbele yake ardhi inakatika: karibu kilomita moja kwenda chini. Chini kabisa ni Mazinde, barabara kuu ya Moshi iliyokonda kama uzi, reli ya Tanga ambayo ilifika Mombo mwaka 1905, na mistari ya mkonge. Zao hilo halikuwa la hapa. Richard Hindorf alilileta mwaka 1893, na kati ya miche aliyoagiza ni 62 tu iliyopona mpaka kupandwa karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo michache yakatoka mashamba unayoyaona tambarare nzima.

Saa ya kwenda Irente ni suala la kufikiria. Saa moja asubuhi wakati wa kipupwe mara nyingi wingu limekaa juu ya genge na huoni hata kidole chako. Kuanzia saa tatu jua huanza kulipasua, na mpaka saa tano unapata mwanga safi, kwa sababu jua liko nyuma yako na linaangaza tambarare. Saa sita mchana joto la chini hupandisha vumbi na utusitusi. Kila kitu kinakuwa rangi ya majivu na picha hazifai. Saa kumi na moja jioni mandhari hurudi, kwa kuwa genge linatazama machweo, ila lazima urudi mjini gizani, na njia haina taa. Ukiwa na siku moja tu, nenda asubuhi na usubiri. Watu hufika saa mbili, wanaona ukungu, wanapiga picha ya ukungu, wanaondoka saa mbili na nusu. Kaa. Beba chai kwenye chupa ukae.

Na kwenye ukingo, simama mita mbili nyuma. Hakuna uzio wa kutegemewa, jiwe lililolowa umande huteleza kama sakafu yenye sabuni, na upepo unaopanda kutoka bondeni huja kwa mapigo. Mtoto mshike mkono, usimwambie tu "usiende". Picha za kurukaruka juu ya mwamba waachie wasio na wazazi wa kuwasubiri.

Njiani kurudi kuna shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, linalotengeneza jibini, mkate wa ngano isiyokobolewa na jamu za matunda. Ni mahali pazuri pa kula mchana. Huo mkate na kipande cha jibini, ukichanganya na tende ulizokuja nazo, ndicho chakula chetu cha njiani kwa siku ya pili yake, msituni.

Magamba ni hifadhi ya msitu wa mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa kumkabidhi mtu noti. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini wanataka kuona kitambulisho, kwa hiyo usikiache chumbani. Ndani utakutana na mikulo mikubwa, ile miti ya kafuri ya Kiafrika iliyokatwa sana kwa mbao zamani, na mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani. Hao si kima punju wa Jozani waliozoea watu mpaka wanakukalia barazani. Mbega wa Magamba wako juu, kimya, na wakikusikia unazungumza huwaoni tena. Nyamazeni kwa dakika kumi, mtazame matawi yanayotikisika pasipo upepo. Vinyonga nao, wapo wa Usambara wasiopatikana kwingine. Wengi huonekana usiku kwa tochi, kwa sababu wakilala hupauka na mwanga huwadhihirisha. Usimshike, na usikubali mwongozaji amng'oe tawini ili upate picha.

Kwa mwendo, wapanda milima wana kanuni nyepesi: hesabu kilomita kwa kasi ya tambarare, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mtu ambaye mazoezi yake ni ngazi za ofisi, kasi ya tambarare iwe kilomita 4 kwa saa. Njia ya kilomita 8 yenye mpando wa mita 600 itakula muda wa saa mbili kwa urefu, saa moja kwa kimo, na nusu saa au zaidi ya kupumzika: saa tatu na nusu, kwenda tu. Usitegemee kurudi haraka. Kuteremka hakukati pumzi, lakini kunachosha magoti, na miguu iliyochoka ndiyo inayoteleza. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, tumia fimbo. Maji lita 2 kwa kila mtu, hata kama hausikii kiu. Baridi huficha kiu na jioni utaumwa kichwa ukidhani ni kimo. Kwa kimo hiki ugonjwa wa milima mirefu haupo, ni pumzi tu itakuwa fupi siku ya kwanza. Suruali ichomeke ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Na muwe mmetoka msituni ifikapo saa kumi na moja, kwa sababu ndani ya bonde jua huzama mapema kuliko kalenda ya sala inavyosema.

Baada ya hapo, wenye siku za ziada wana chaguo moja ambalo sisi tunalipenda kuliko yote: Mtae, kama kilomita 60 kutoka Lushoto, mwisho kabisa wa milima upande wa kaskazini. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba, nyumba zikiwa na bonde mbele na bonde nyuma. Chini ni tambarare za Mkomazi, na siku iliyo safi, alfajiri au jioni, Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Njia inapita Lukozi, kwenye soko kubwa la mboga, na eneo la Shume, ambako Wajerumani walifunga kamba ya chuma ya kuteremshia magogo hadi Mkumbara kwenye reli.

Ugumu wa Mtae ni ratiba. Mabasi ya Mtae yamepangwa kwa faida ya wakazi wanaokwenda mjini kuuza na kununua: yanateremka kabla ya alfajiri na kurudi mchana au jioni. Kwa mtalii ni kinyume chake. Huwezi kwenda na kurudi siku moja kwa basi. Utapanda mchana kutoka Lushoto, utafika baada ya saa tatu au zaidi, utalala usiku mmoja, na kama ukitaka kuuona mlima asubuhi basi lako litakuwa limeshaondoka. Kwa hiyo lala usiku mbili. Wanaolala mmoja hutazama machweo, wakiamka ni giza, wanapanda basi, na Mtae yenyewe hawakuiona. Wengine hukodi bodaboda kurudi, kilomita 60 za vumbi na mashimo. Kwa kijana ni sawa, kwa mgongo wa mtu wa miaka hamsini si sawa.

Chakula hakisumbui. Waislamu ni wengi wilayani Lushoto, misikiti ipo mjini na vijijini, na nyama ya mabucha kwa kawaida imechinjwa halali. Ukiwa na wasiwasi uliza, hakuna atakayekasirika. Samaki wasahau, au wale waliokaushwa. Utakula maharage, ndizi, ugali, mbatata, na mboga tamu kuliko zinazotufikia kwa meli. Agiza mapema, kwa maana ya saa mbili kabla. Kwenye kimo cha Lushoto maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kadiri unavyopanda ndivyo kiwango kinavyoshuka, basi maharage yanakaa jikoni muda mrefu kuliko unavyotarajia. Mpishi hakupuuzi. Kwa sababu hiyo hiyo chai ya majani acha itokote zaidi kidogo.

Kuhusu Amani, maneno machache. Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, inafikiwa kupitia Muheza, na miti yake kutoka kila pembe ya dunia inastahili siku mbili za anayependa mimea. Huko Usambara Mashariki ndiko pia linakoota lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya hupandwa kwenye vyungu vya madirishani, lililopelekwa na bwana Saint Paul-Illaire aliyekuwa Tanga mwaka 1892. Lakini vijiji vya pale vinalima hiliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, na mwongozaji atataka kukuonyesha. Mtu wa Pemba kulipia kuonyeshwa mkarafuu ni mambo ya kuchekesha barazani. Mwambie akupeleke msituni moja kwa moja.

Zawadi za nyumbani zinahitaji mpango. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili, Zanzibar tangu 2006 na bara tangu Juni 2019, basi njoo na mkoba wa ukili au kikapu. Plamu, pichi na peasi hupatikana zaidi mwanzo wa mwaka. Chagua yaliyo magumu bado, yapange kwenye boksi la karatasi ngumu tabaka mbili tu, gazeti kati yake, na boksi ulishike magotini. Kwenye buti la basi hufika Dar yakiwa jamu. Jibini nunua siku ya kuondoka, lile gumu, si laini, ulizungushie kitambaa kibichi na gazeti. Litavumilia siku moja ya safari, siku mbili za joto la Dar halitavumilia. Miche na udongo usibebe bila kibali, utanyang'anywa bandarini, na kuna sababu nzuri ya kunyang'anywa: magonjwa ya mimea husafiri hivyo hivyo.

Jambo la mwisho watu hulidharau kwa sababu mlimani hakuna mbu wengi. Zanzibar malaria imeshuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu, na wagonjwa wengi wanaogunduliwa visiwani ni wale waliotoka safari. Maana yake ni kwamba mwili wa mtu wa visiwani hauna tena uzoefu nayo. Lushoto penye baridi hatari ni ndogo, lakini umepita Dar, Korogwe, Mombo au Muheza, na mara nyingi umelala huko usiku mmoja. Lala ndani ya chandarua kila usiku wa tambarare, vaa mikono mirefu jioni. Ukirudi, homa ikikujia baada ya wiki moja au mbili, au hata mwezi, usisubiri na usinunue dawa ya mafua dukani. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba umetoka bara na tarehe uliyorudi, upimwe siku hiyo hiyo, na watu mliosafiri pamoja nao wapimwe.